Gigabaiti ya Thelathini na Mbili

Jutland, Jumatatu 26 Februari 2018

Mpendwa Ebbe,

Hunijui. Naitwa Sanne Dybdahl, na kiti ninachokalia kilikuwa chako. Mgongo wake bado unaegemea kushoto. Nimejaribu kuunyoosha nimeshindwa. Nilipouliza anwani yako ya barua pepe chumba kizima kilicheka. Asger Bjerregaard akaniambia, "Ebbe alipostaafu alituachia kompyuta zote, hata yake. Mwandikie kwa karatasi, kisha uwaombee watu wa posta." Namba yako ya simu ninayo, ila Asger anasema simu yenyewe unaitunza ndani ya kibanda cha viazi. Basi ndiyo hii karatasi.

Nina swali moja. Seva ya maabara, ile inayopokea majibu ya vipimo vya damu na kuyapeleka wodini, bado inaendeshwa na programu yako ya Java. Kwenye faili la mipangilio, pale tunapoiambia Java itumie kumbukumbu kiasi gani na isizidi hapo, umeandika gigabaiti 31. Juu yake kuna mstari mmoja: "Usiguse. E.R." Basi. Faili lote limejaa maelezo yako, hata kwa mambo ya kitoto. Umetumia mistari minane kueleza kwa nini saa ya seva husogezwa mwezi wa Machi. Kwenye namba hii tu ndipo ulipofunga mdomo.

Nauliza kwa sababu tunabanwa. Tangu Januari zahanati za wilaya mbili zaidi zinatuletea damu zao, na kila asubuhi kumbukumbu inajaa karibu pomoni. Mashine yenyewe ina gigabaiti 64, nusu imelala bure. Tena nani katika kazi hii huchagua thelathini na moja? Sisi ni watu wa nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Nikiiona 31 naona mtu aliyehesabu vidole akasahau kimoja. Nataka kuiweka 32. Si nyingi, ni nafasi kidogo ya kupumulia mpaka tupate mashine mpya.

Niambie kama kuna jambo nisilolijua. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyojifariji sisi wageni.

Asger anakusalimu. Bado anakula mkate wake mweusi na maini ya kusaga juu ya kibodi.

Wako,
Sanne Dybdahl


Samsø, Jumapili 4 Machi 2018

Sanne,

Kiti kinaegemea kushoto kwa sababu dirisha liko kushoto. Kaa miaka ishirini utaelewa.

Barua yako imechukua siku tano kuvuka maji. Zamani ilichukua siku moja, na mtu wa posta alikuwa na muda wa kunywa kahawa. Sasa barua zinakuja kwa mkupuo, kama vile wanatuonea huruma.

Kuhusu 31: ni namba tu. Nilioa nikiwa na miaka thelathini na moja, ikaniletea heri, nikaiweka. Mtu akifanya kazi peke yake kwenye chumba cha seva hujitungia vichekesho vyake. Iache ilivyo. Imeitunza maabara miaka mingi bila kulalamika. Kama mmebanwa, ombeni mashine ya pili mgawanye mzigo. Wakubwa watasema hawana fungu. Waambie waje wenyewe kubeba majibu wodini kwa miguu.

Viazi vya mapema tumevipanda chini ya plastiki wiki hii, na ardhi bado ngumu. Bodil, mke wangu, anasema nina mgongo wa mtu wa ofisini. Mwambie Asger kibodi nayo huchoka.

Ebbe Ravnkilde


Jutland, Jumatatu 12 Machi 2018

Ebbe,

Umenichekesha mpaka kahawa ikanipalia. Siri yako nimeitunza, sijamwambia mtu yeyote kwamba maabara ya mkoa mzima inaendeshwa kwa umri wa bwana harusi.

Ila nisamehe, mzee, harusi si sababu ya kiufundi. Ijumaa, baada ya keki yetu ya kila wiki ofisini, nilifungua faili nikaandika 32. Hongera, umeongezeka mwaka. Faili hilo halimo hata kwenye daftari la mabadiliko, kwa hiyo sikuhitaji kujaza fomu wala kusubiri Jumanne, maana siku hizi ni Jumanne tu ndiyo tunaruhusiwa kubadili kitu. Na kama unavyojua kuliko mimi, Java huisoma namba ile pale tu inapowashwa. Haijazimwa tangu Novemba. Hapo ilipo bado inatumia 31 yako, na siku itakapozimwa na kuwashwa kwa sababu yoyote ile, itaamka na 32. Hakuna haraka.

Mashine ya pili tuliiomba. Wamesema hawana fungu, kama ulivyotabiri.

Mpe pole mgongo wako.

Sanne


Samsø, Jumamosi 17 Machi 2018

Sanne,

Barua yako imefika mchana huu.

Rudisha 31. Usingoje Jumanne wala keki. Mashine isiwashwe upya kabla hujarudisha. Nilipoandika "Usiguse" sikuwa na mzaha. Mzaha niliufanya nilipokuandikia wewe.

Usiniulize kwa nini. Rudisha tu.

Ebbe


Jutland, Jumapili 25 Machi 2018

Ebbe,

Barua yako ya Jumamosi ilinifikia Alhamisi. Ilichelewa kwa siku mbili.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza na ninavyojisikia sitafika mwisho.

Jumanne tarehe 20, saa kumi na mbili asubuhi, Asger aliweka toleo jipya la kiungo kinachounganisha seva na mashine za kupimia damu. Kazi hiyo ilikuwa kwenye daftari, imesainiwa, imejaribiwa wiki mbili. Alipomaliza akaizima Java na kuiwasha upya, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nyumbani nawafungia watoto chakula cha shule. Ile 32 ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

Kwenye saa nne kasoro damu ya asubuhi ikaanza kumiminika kutoka wodi zote. Saa nne na dakika ishirini skrini zikaganda. Unajua inavyokuwa: kumbukumbu ikijaa, mfagiaji wa Java husimamisha kila kitu ili aondoe takataka, na siku zote humaliza kabla hujapepesa jicho. Safari hii alifagia, akakuta hakuna cha kutupa, akaanza upya, akaanza tena upya. Kwa dakika ishirini na tatu halikutoka jibu hata moja.

Wodini alikuwepo mama anayeitwa Inger Vestby, miaka sitini na moja, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Figo zake zilikuwa zimechoka. Potasiamu kwenye damu yake ilikuwa juu kiasi cha kuusimamisha moyo, na mashine ilikuwa imeshaipima. Jibu la namna hiyo hutokea jekundu kwenye skrini ya maabara, na mtu hunyanyua simu hapohapo kuwaambia wodi. Skrini ilikuwa imeganda. Saa nne na dakika thelathini na nane moyo wake ukasimama. Walihangaika naye nusu saa wakashindwa.

Asger aliliondoa toleo lake na kurudisha la zamani. Kabla hajawasha nilimwambia, "Subiri kidogo, kuna kitu nakiangalia." Nikafungua faili lako, nikarudisha 31. Sikuwa na hakika kwamba ndiyo sababu. Seva ikawaka, ikaenda vizuri. Watu wote waliona jambo moja tu: toleo la Asger lilipoondolewa, seva ikapona.

Wamemrudisha nyumbani mpaka kamati imalize uchunguzi. Miaka ishirini na sita kazini, Ebbe. Alipokuwa anavaa koti akaniambia, "Kosa ni langu, Sanne. Silioni tu liko wapi." Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikaenda kukiosha.

Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe. Nataka kujua kama nimeua mtu. Na wewe ulijua nini ambacho hukutaka kuniambia?

Sanne


Samsø, Alhamisi 29 Machi 2018

Sanne,

Nimeianza barua hii mara tatu. Bodil ameuliza kama naandika wosia.

Utaelewa haraka nikikueleza kwa bahasha. Kila kitu Java inachokitunza kina anwani, na ndani ya kila kitu mna anwani za vitu vingine. Kumbukumbu ya maabara yetu, sehemu kubwa si damu wala majina ya wagonjwa, ni anwani. Ukiiruhusu Java chini ya gigabaiti 32, huziandika kwa ufupi, kama tunavyoandikiana hapa kisiwani: Ebbe, nyumba ya mwisho. Mtu wa posta anafika. Ukifika 32, kijiji kimezidi uwezo wa anwani fupi. Java haikuonyi wala haikuulizi. Inaanza kuandika kila anwani kwa kirefu, na kila moja inakula nafasi mara mbili. Wewe unadhani umeongeza gigabaiti moja, kumbe umepoteza nane, pengine kumi. Thelathini na mbili ni ndogo kuliko thelathini na moja. Ukitaka faida, ruka mpaka karibu na hamsini, la sivyo ubaki chini ya mstari.

Kwa hiyo ndiyo. Ilikuwa ni ile namba. Sitakudanganya tena kwa hilo.

Sasa nisikilize mimi niliyekutangulia. Una watoto, na una miaka thelathini ya kazi mbele yako. Inger Vestby hatarudi hata ukisimama mbele ya kamati ukalia mpaka jioni. Asger ana miaka sitini na tatu. Watalipekua toleo lake, hawataona kosa kwa sababu halimo, wataandika kwamba sababu haikuthibitika, na atastaafu na pensheni yake na maua. Mambo haya hupoa. Mwanzoni mtu anadhani hayatapoa, lakini hupoa.

Zichome barua zangu. Za kwako nitazichoma mimi.

Ebbe


Jutland, Jumatatu 9 Aprili 2018

Ebbe,

Hupoa? Umejuaje wewe kwamba hupoa?

Sentensi hiyo imenikaa kichwani Pasaka nzima. Nikaenda kwenye hifadhi ya nakala za zamani, zile zinazochukuliwa kila Jumatatu, nikatafuta faili lako. Nakala ya tarehe 3 Oktoba 2011 ina gigabaiti 24. Ya tarehe 10 Oktoba ina 32. Ya tarehe 17 ina 31, na juu yake umeandika usiguse.

Halafu nikaenda kumtembelea Asger. Nilibeba maua ya kununua kituo cha mafuta, maana sikujua mtu hupeleka nini. Jikoni amelichapisha toleo lake lote kwenye karatasi, mamia ya kurasa, ameyatandaza mezani, sakafuni, hadi juu ya jiko. Anasoma mstari mmoja mmoja kwa rula. Mkewe, Merete, anasema halali zaidi ya saa mbili. Asger akaniambia, "Limo humu. Nimelipita mara tano silioni, lakini limo." Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Sasa namwelewa Preben."

Nikauliza Preben ni nani. Akaniambia. Preben Lykkegaard, fundi wa seva. Jumanne tarehe 11 Oktoba 2011 alibadilisha diski akaiwasha mashine upya, na maabara ikasimama nusu siku. Hakufa mtu siku ile. Hakuna aliyemfukuza pia. Walimtazama tu, wakaacha kumpa funguo, na kufikia Krismasi aliondoka mwenyewe. Asger anasema ulimnunulia zawadi ya kumuaga.

Ulikuwa umeandika 32, ikakusubiri mpaka mwenzako akawasha. Ulipogundua uliishusha, ukaandika neno moja, ukaondoka ukaenda kulima viazi.

Nataka kukutukana na siwezi, kwa sababu hii. Nimekaa kimya siku ishirini. Usidhani nimekutii. Ningekaa kimya hata bila ushauri wako. Nilikuwa jikoni kwa Asger saa nzima, maneno yako kwenye ulimi wangu, nikanywa kahawa, nikasifu mkate wa Merete, nikaondoka. Kwenye gari nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo hii.

Kamati inakaa tarehe 24. Wameshaandika rasimu, na jina lililomo ni la Asger peke yake.

Barua zako sijazichoma. Nina swali moja tu: Preben yuko wapi?

Sanne


Samsø, Jumapili 15 Aprili 2018

Sanne,

Yuko Horsens. Anatengeneza baiskeli. Nilikuwa najua siku zote. Mji alipo nilikuwa nauzunguka hata nikienda kwa daktari wa meno.

Barua yako niliisomea mezani, Bodil akanitazama akasema, "Hiyo si ya viazi." Nikamsomea. Nikamsomea na zile za kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nilioa nikiwa na miaka ishirini na tisa. Hata uongo wangu sikuutengeneza vizuri. Halafu akaniuliza jambo ambalo wewe umekuwa mwungwana hukuniuliza: "Jumamosi ile kwa nini hukumpigia simu?"

Simu ilikuwa mfukoni, Sanne. Haikuwa kwenye kibanda. Namba ya ofisi naijua kuliko siku ya kuzaliwa kwangu. Ningekupigia ungeniuliza kwa nini, nami ningesikia mwenyewe nikijibu. Barua haiulizi. Kwa hiyo nikachukua kalamu, nikatembea mpaka kwenye sanduku la posta, nikajiona mtu aliyetimiza wajibu wake. Ndivyo na ule mstari kwenye faili. Sababu ingechukua mistari minne. Lakini aliyeisoma angeuliza tumejuaje, tumejua lini, na Preben aliondoka kwa nini. Sababu ingekuwa ungamo. Nikaandika neno moja nikaona linatosha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kinaweza kuwa kifo cha mtu mwingine.

Kabla Inger Vestby hajawa wako alikuwa wangu. Liweke hilo moyoni ukiwa mbele yao.

Alhamisi nilivuka kwenda Horsens. Duka lina mlango mdogo na kengele. Akanitambua kabla sijavua kofia. "Ebbe Ravnkilde," akasema. "Baiskeli gani hiyo imekuvusha bahari?" Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikajificha nyuma ya maneno ya kompyuta, anwani fupi, anwani ndefu, mpaka akanyanyua mkono wenye grisi.

"Ngoja hapo. Diski niliyoiweka ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Na nyaya?"

"Kila ulichokigusa siku ile kilikuwa kizima, Preben."

Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi, tena ningeipokea kwa shukrani. Badala yake akageuka akaita nyuma ya duka, "Lis, hebu njoo." Mkewe akaja, miwani kichwani. Preben akaniambia, "Sema tena. Mwambie na yeye."

Nikasema tena. Lis hakunitazama mimi hata mara moja, alimtazama mumewe. Yeye ndiye aliyenisindikiza mlangoni. Akaniambia kwamba kwa miaka sita na nusu mtu yule hatoki nyumbani bila kurudi mara tatu kuhakikisha jiko limezimwa. Akaniambia pia nisije tena dukani kwao, na ana haki.

Nilikudanganya niliposema hupoa. Kwangu mimi ndiyo, yalipoa. Yeye ndiye aliyekuwa ananibebea moto.

Ndani ya bahasha hii mna barua zako, sikuzichoma, pamoja na karatasi niliyoisaini, Bodil akashuhudia. Nimeeleza mwaka 2011, na nimeeleza kwamba mtu aliponiuliza kuhusu namba ile nilimdanganya. Wewe sikukutaja. Jina lako ni lako, utalisema mwenyewe au hutalisema. Ila nilikushauri unyamaze, na ushauri huo naurudisha. Nilikuwa natafuta mwenzangu wa kunyamaza naye.

Ukitaka kunipigia simu, nitapokea.

Ebbe


Jutland, Jumatatu 23 Aprili 2018

Ebbe,

Barua yako ilifika Ijumaa. Sikukupigia. Tumeanza kwa karatasi, acha tumalizie kwa karatasi.

Leo asubuhi nimeiandikia kamati kwamba kesho nina la kusema, nikaambatisha nakala za faili za mwaka 2011, barua zetu zote na karatasi yako. Mkuu wangu amesoma, amefunga mlango wake, na hadi sasa hajatoka. Kazi hii nitaikosa, na pengine hayataishia hapo. Nimeomba kuonana na mume wa Inger Vestby kama atakubali. Sijui nitamwambia nini. Lakini nimeomba.

Sikutaka Asger alisikie jambo hili mbele ya watu. Jana baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwake. Merete alifungua mlango, akaniona nilivyo, akasogea pembeni bila kunisalimu. Karatasi zilikuwa zimefika barazani. Asger alikuwa amepiga magoti sakafuni, rula mkononi, nywele timutimu.

"Pita kwa pembeni," akasema. "Hapo ulipokanyaga ni ukurasa wa mia mbili na kumi."

Nikapiga magoti nami, maana sikuweza kumwambia kutoka juu. Nikamwambia kosa halimo humo. Nikamwambia liliko, nani aliliandika, na siku gani. Nikamwambia kwamba pale alipokuwa anavaa koti nilikuwa nimeshaanza kujua, na wiki mbili zilizopita nilipokunywa kahawa yake nilikuwa najua kabisa.

Aliutazama mstari uliokuwa chini ya rula. Kisha akauliza kama fundi anavyouliza, taratibu, "Uliandika thelathini na mbili?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikawasha."

"Wewe uliwasha tu, Asger. Toleo lako lilikuwa safi. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, lilikuwa safi."

Akaiweka rula chini. Alijaribu kuzikusanya karatasi zilizokuwa karibu naye, akazipanga kingo zake vizuri, kisha akaziacha. Merete alikuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo. Mimi nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Nikaanza kusema nisamehe, akanikatiza.

"Nenda nyumbani, Sanne. Nitakukasirikia. Nitakukasirikia sana, na muda mrefu, na nina haki hiyo." Akashika ukingo wa meza akajinyanyua, goti moja kisha la pili. "Lakini nitaanza kesho. Leo acha nikalale."

Nilipofika kwenye gari Merete alikuwa anafunga mapazia ya chumba cha kulala. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira uani. Akafungua dirisha akawaomba wakacheze mbali kidogo.

Sanne